Maswali ya Wasomaji: R. A. Torrey, Mwinjilisti Aliyeongoza Vyuo Viwili vya Biblia

SWALI: Katika makala yenu kuhusu wahubiri wa zamani mlimtaja R. A. Torrey kuwa mwinjilisti na pia mkuu wa chuo cha Biblia. Kanisani kwetu husemwa kwamba mwinjilisti akishakabidhiwa ofisi ya chuo, moto wake huzimika. Je, Torrey aliziwezaje kazi hizo mbili, au moja iliimeza nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya kanisani kwenu ina msingi, kwa maana wako wahubiri hodari ambao vikao na makaratasi vimewafunga mdomo. Kwa Torrey mambo yalikwenda tofauti, na sababu yake kubwa ni aina ya chuo alichokabidhiwa.

Reuben Archer Torrey alizaliwa tarehe 28 Januari 1856 huko Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, na akasoma katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako maisha yake ya awali yalikuwa ya starehe zaidi kuliko ya ibada. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoamka usiku mmoja akiwa amekata tamaa kiasi cha kutaka kujiua, lakini badala yake akapiga magoti na kumwahidi Mungu kwamba akiondolewa mzigo ule atakuwa mhubiri. Mwaka 1878, alipokuwa akimalizia masomo ya theolojia, mwinjilisti D. L. Moody alifika katika mji wa New Haven, kilipo chuo hicho cha Yale, kuhubiri. Torrey na wanafunzi wenzake, waliokuwa na elimu nyingi kuliko mgeni wao, walimwendea wakamwomba awaeleze namna ya kuwaleta watu kwa Kristo. Moody hakuwapa mhadhara; aliwaambia waianze kazi, nao wangejifunza humo humo kazini.

Jibu hilo fupi ndilo lililogeuka kuwa mtaala. Mwaka 1889 Moody alimwita Torrey aende Chicago akawe msimamizi mkuu wa chuo kipya, ambacho leo kinajulikana kama Moody Bible Institute. Moody alitaka watu wa kusimama katikati ya wachungaji waliosoma na waumini wa kawaida, watu wanaoijua Biblia na wasioogopa kubisha hodi kwenye mlango wa mtu wasiyemfahamu. Kwa hiyo mwanafunzi hakuishia darasani: somo lilifuatwa na kutembelea nyumba, kusaidia katika mikutano na kuzungumza na mtu mmoja mmoja kuhusu wokovu wake. Kuanzia mwaka 1894 Torrey alikuwa pia mchungaji wa kanisa la Moody mjini humo, hivyo aliyoyafundisha kwenye kiti cha mwalimu aliyajaribu mwenyewe mimbarani. Sioni jinsi moto wa mtu ungezimika katika chuo cha namna hiyo, labda kwa uchovu tu.

Chuo pia kilimpa watu. Charles M. Alexander, kiongozi wa nyimbo aliyeandamana naye katika mikutano mikubwa, alikuwa amesoma hapo. Wakati wa uongozi wa Torrey alisoma hapo pia Mary McLeod Bethune, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, ambaye shauku yake ilikuwa kwenda Afrika kama mmisionari. Alipomaliza masomo, bodi ya misheni aliyoiomba haikumpa nafasi kwa kuwa alikuwa mweusi, akabaki Marekani na mwaka 1904 akafungua shule ya wasichana huko Daytona, Florida. Kukataliwa kule hakukuwa kosa la chuo, lakini ni sehemu ya historia yake, na wanaosimulia habari za chuo hicho wasiiruke.

Mwishoni mwa mwaka 1901 Torrey aliondoka kwa safari ndefu ya kuhubiri iliyompeleka Japani, China, Australia, New Zealand, India na Uingereza. Huko London, mwaka 1905, mikutano iliendelea kwa miezi kadhaa, na sehemu yake ilifanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Hapa ndipo swali lako linapouma kidogo: katika miaka hiyo kazi ya kila siku ya chuo ilibebwa na wengine, hasa James M. Gray kuanzia mwaka 1904, na mwaka 1908 Torrey akaacha kabisa wadhifa wake wa Chicago. Kwa maoni yangu kazi mbili zilikaa pamoja vizuri alipokuwa mji mmoja. Alipoanza kuzunguka dunia, ilibidi mtu mwingine ashike funguo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Torrey aliidharau elimu ya juu kwa kuwa alisisitiza sana nguvu za Roho Mtakatifu?

JIBU: La. Baada ya Yale alikwenda Ujerumani mwaka 1882 na kusoma katika vyuo vya Leipzig na Erlangen, akiwa miguuni pa wanazuoni kama Franz Delitzsch. Mbinu za uhakiki wa Biblia, yaani kuichunguza kama kitabu kingine chochote cha kale, zilizotawala huko alizifahamu kwa karibu kabla ya kuzikataa. Kitabu chake cha mafundisho ya Biblia cha mwaka 1898 kinaonyesha akili iliyozoea maabara: kwanza huweka mistari ya Maandiko, kisha huandika chini yake hoja moja fupi inayotokana na mistari hiyo, na kusonga mbele hatua kwa hatua. Ni kitabu kikavu, nakiri, na msomaji atafutaye hadithi atachoka mapema.

Kuhusu Roho Mtakatifu, hakusema kwa nadharia tupu. Mwaka 1898 binti yake mdogo, Elizabeth, alifariki kwa dondakoo. Torrey alisimulia kwamba muda mfupi baada ya mazishi alikuwa akitembea barabarani kuelekea chuoni huzuni ikamzidi hadi akalia kwa sauti, na kwamba papo hapo alijisikia amejazwa furaha ambayo hakuwahi kuijua. Kisha akaendelea na safari yake ya chuoni. Hata asiyekubaliana na mafundisho yake kuhusu ubatizo wa Roho hawezi kumwita mtu wa maneno matupu.

SWALI: Baada ya Chicago alifanya nini, na je, familia yake iliendelea na kazi hiyo?

JIBU: Kuanzia mwaka 1912 hadi 1924 alikuwa mkuu wa masomo wa chuo cha Biblia cha Los Angeles, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Biola, na mwaka 1915 akawa mchungaji wa kwanza wa kanisa la Church of the Open Door, lililokusanyika katika ukumbi wa chuo hicho wenye nafasi ya watu wapatao 4,000. Katika miaka hiyo alihusika pia kuhariri mfululizo wa vijitabu vya kutetea misingi ya imani vilivyotolewa kati ya 1910 na 1915. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1928 huko Asheville, North Carolina.

Mwanawe aliyeitwa jina lake alikuwa mmisionari China, akapoteza mkono katika ajali, na baadaye akaenda Korea kuwahudumia watu waliokatwa viungo vitani. Mjukuu, Archer Torrey, akawa padri wa Kianglikana, akafika Korea mwaka 1957 kufufua chuo cha theolojia cha kanisa lake, na mwaka 1965 akaanzisha katika milima ya Gangwon jumuiya ya maombi iitwayo Jesus Abbey.