Mume wangu ni grupu O, kwa hiyo halali ndani ya chandarua: jibu langu

Dada, umeuliza kama ni kweli mtu wa grupu la damu O haugui malaria, maana shemeji ni O na ameshagoma kulala ndani ya chandarua. Wewe ni A, na mtoto wa miaka 2 analala katikati yenu. Mimi pia ni O, na maneno hayo ya shemeji niliyaamini miaka mingi.

Ukweli upo, lakini ni nusu. Mbu akimuuma mtu wa O, vimelea vinaingia kama kawaida. Tofauti inakuja baadaye. Chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye chembe nzima, zikawa vishada, na vishada vikaziba vimishipa vidogo, hata vya ubongo. Hapo ndipo hali inapokuwa mbaya. Sasa, sukari za A na B zilizoko juu ya chembe ndizo zinazosaidia kunata. O hana sukari hizo, kwa hiyo vishada vyake ni vidogo na huachia upesi. Utafiti wa Mali uliotoka 2007 ulikuta uwezekano wa malaria kali kwa watoto wa O uko chini kwa 66% kuliko kwa wasio O. Malaria kali, dada, siyo malaria yote. Homa, kutapika na kukosa kazini, mimi na uO wangu nimevipata mara nyingi tu.

Kuna upande ambao sisi wa O hatuambiwi. Kipindupindu kilipoingia Dar Agosti 2015, nilikuwa nimepanga Manzese na rafiki yangu wa B. Tulikula sahani moja. Yeye aliharisha siku moja, akapona. Mimi kufika alfajiri siwezi kusimama. Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu nililazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Kilichokuwa kinatoka ni kama maji ya kuoshea mchele, na vidole vimenyauka kama vya mtu aliyefua kutwa. Dripu moja ikiisha, nesi anatundika nyingine. Siwezi kuapa kwamba ni grupu, pengine mimi nilimeza vijidudu vingi zaidi. Ila waliofuatilia wagonjwa Bangladesh na Peru walikuta kipindupindu kinamlemea O kuliko wengine. Vidonda vya tumbo pia vinampenda O.

Wasio O nao damu yao huganda kirahisi zaidi, hivyo hatari ya kuganda kwenye mishipa ya miguu iko juu zaidi. Wale wanaouza orodha za vyakula kwa kila grupu msiwape hela zenu, hakuna ushahidi.

Turudi kwa mtoto. Baba O na mama A huzaa A au O. Mkampime: kama amechukua A yako, damu ya baba yake haimsaidii kitu. Na hata akiwa O, huo umri wake ndio malaria inaoua zaidi. Chandarua kifungwe leo hii, na shemeji aingie humo humo.