Usifute bado: nilivyokwama Riovanes, na kwa nini bado nalipenda Final Fantasy Tactics

Mkuu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kwa sababu hapo ulipo nilishawahi kulala. Unasema unacheza Final Fantasy Tactics, gemu la vita vya kupokezana zamu, toleo la PSP; timu yako ni kali, umevuka geti la ngome ya Riovanes bila shida, lakini ukiingia ndani adui yako Wiegraf anamlaza Ramza, shujaa unayemwongoza, kabla hujafanya chochote. Ulisevu katikati ya vita viwili, kurudi kwenye ramani ukafanye mazoezi huwezi, na faili unayo moja tu. Unauliza kama ufute uanze upya, au kama gemu lenyewe ndilo linalomwonea mchezaji na sisi tulioanza zamani tunalisifu kwa mazoea.

Nianze na yaliyonikuta, halafu nikupe njia. Wenzangu ambao hamjafika sura ya tatu, rukeni, maana nitataja mambo ya hadithi.

PSP yangu ilikuwa ya mtumba, niliinunua Kariakoo nikiwa kidato cha tatu, na kitufe cha duara kilikuwa kigumu mpaka ukibonyeze kwa ukucha. Likizo nzima ya Desemba niliimalizia Ivalice, nchi ya hadithi hii. Nilipofika Riovanes saa ya gemu ilikuwa imepita 40, na Ramza wangu nilikuwa nimempa kazi ya White Mage, mchawi wa kutibu. Kumfanya mganga kulikuwa na hesabu yake: askari yeyote akianguka, juu ya kichwa chake hutokea namba inayohesabu zamu tatu, na zikiisha bila mtu kumwinua anageuka kioo au sanduku na hayupo tena. Ikiwa ni Ramza, gemu limekwisha. Kwa hiyo nikamvalisha joho, nikamweka nyuma ya watu, kazi yake ikawa kutibu wenzake. Mbele nikawapanga monk wawili na knight mmoja, na vita vyote vya sura ya pili nikavimaliza namna hiyo.

Kisha mlango wa ndani wa ngome ukafunguka, na Ramza akawa peke yake. Wenzake niliokuwa nimewapanga hawakuonekana. Zamu yangu ya kwanza nikamrudisha hatua tatu nyuma na kumwamuru ajitibu. Tiba ya uchawi kwenye gemu hili haitoki papo hapo, ina muda wake wa kuiva. Kabla haijaiva Wiegraf aliinua upanga kutoka kule kule alikosimama, mwanga ukamshukia Ramza kichwani, akapiga magoti. Zamu ya pili sikuipata. Nilirudia usiku ule mpaka betri ikazima, na asubuhi nikarudia tena. Nililia, na sioni haya kulisema, kwa sababu saa 40 za mtoto wa shule si kidogo.

Sasa njia. Kwenye skrini ya kupanga askari kabla ya vita bado unaweza kumbadilishia Ramza kazi na ujuzi, kwa hiyo hujafungiwa kabisa. Angalia kwanza kama ana pointi za kutosha kwenye kazi yake ya mwanzo, ile ya Squire, ili ajifunze Tailwind. Ramza hupewa ujuzi huo kuanzia sura ya pili na wachezaji wengi hawautazami, kwa sababu kinachofanya ni kuongeza kasi kwa 1 tu. Lakini elewa zamu zinavyopatikana hapa. Kila mtu ana kipimo kinachojaa kulingana na kasi yake, na kikifika 100 anacheza. Kasi ikitoka 8 hadi 9 hutaona tofauti. Ikifika 14 wewe unacheza karibu mara mbili wakati Wiegraf anacheza mara moja, na ukizidi hapo anabaki amesimama kama nguzo. Na kasi hiyo haishuki mpaka vita viishe. Kazi yako ya mwanzo, basi, ni kukimbia na kujipigia Tailwind, kukimbia na kujipigia tena. Upanga wako uache kwanza.

Ili uwe hai wakati huo unahitaji Auto-Potion, ujuzi unaopatikana kwenye kazi ya Chemist, mtu wa dawa. Ukipigwa, Ramza anakunywa dawa mwenyewe bila kutumia zamu. Uwezekano wa kufanya hivyo unafuata ujasiri wake, kwa hiyo mwenye ujasiri wa 70 atakunywa mara 70 kati ya 100. Kuna siri hapa niliyoichelewa sana: Auto-Potion inaanza na dawa dhaifu kuliko zote ulizonazo. Ukiwa na Potion 60, ambazo ni dhaifu, na X-Potion 10, ambazo ni kali, atakunywa zile 60 zisizomsaidia kitu huku zile kali zikikaa mfukoni. Mimi sasa Potion za kawaida naziuza zote kabla ya kuingia Riovanes. Wewe dukani huwezi kwenda tena, kwa hiyo omba tu uwe uliishiwa nazo njiani.

Ukishampunguza vya kutosha atageuka lile dubwana Belias, mashetani wenzake watatokea, na hapo ndipo wenzako wanne nao wanaingia. Usifurahi ukasahau ulikokuwa. Ile kasi uliyoikusanya bado unayo, itumie kummaliza Belias moja kwa moja na hao mashetani waache, maana akianguka yeye vita vimeisha.

Kama Ramza wako hana pointi za Squire, hana Auto-Potion na hana kazi nyingine yoyote ya mapigano aliyoikuza, basi ndugu yangu, anza upya. Nakwambia bila kukuficha. Mimi nilianza upya. Mara ya pili nilifika pale kwa nusu ya muda, kwa sababu nilishajua ramani na nilishaacha kumficha mtu.

Hapo ndipo nalijibu swali lako la pili. Wengi wanasema pale ni dhuluma, kwamba gemu la timu halipaswi kukuweka peke yako bila kukuonya. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wao. Kilichonibadilisha ni kulicheza tena nikiwa mtu mzima, nikisoma maneno yote badala ya kuyaruka. Kiingereza cha toleo la PSP la mwaka 2007 ni cha kizamani, na nikiwa kidato cha tatu nilikuwa nashika neno moja kati ya matatu. Safari hii nilikaa na kamusi.

Fikiria Wiegraf ni nani. Sura ya kwanza alikuwa kiongozi wa kikosi cha watu wa kawaida waliopigana Vita vya Miaka Hamsini, vita vikaisha wakatupwa bila malipo. Alikuwa na dada, Milleuda, mpiganaji mwenzake. Aliyemuua Milleuda ni wewe. Wewe mchezaji, kwa mkono wako, kwa sababu Ramza alikuwa bado kijana wa nyumba ya Beoulve anayetii kaka zake. Na Delita, rafiki wa Ramza aliyelelewa nyumba moja naye ila hakuzaliwa humo, alikuwa na dada pia, Tietra. Alitekwa kwa kudhaniwa ni binti wa kibwana, na kaka mkubwa wa Ramza akatoa amri, Argath akavuta upinde huku Delita anatazama. Naikumbuka theluji ya pale ngome ya Ziekden, alipouawa, kuliko nyumba nyingi nilizowahi kulala.

Na Ramza anaingia Riovanes kufanya nini? Kumtafuta dada yake, Alma, aliyetekwa. Humo humo ndani wako Marach na Rapha, kaka na dada wengine. Kwa hiyo anayesimama mbele yako mle ndani si bosi tu wa katikati ya gemu. Ni kaka aliyepoteza dada kwa sababu yako, akakosa pa kuipeleka hasira, akaingia jeshi la kanisa alilokuwa hana imani nalo, na mwisho akajiuza kwa jiwe la kishetani ili asife. Unakutana naye ukiwa kaka ambaye bado hajapoteza. Ingekuwaje waje wanne wakusaidie hapo? Yasumi Matsuno, mwongozaji wa gemu hili, na wenzake wangeweza kuturuhusu tuingie watano tukammalize kwa zamu tatu, na tungesahau kesho yake. Mimi nimeridhika kwamba walivyofanya ndivyo. Ugumu ule umetoka ndani ya hadithi yenyewe: Ramza ameacha jina la baba yake, ameacha jeshi, na siku ya kujibu alichofanya hana mtu wa kusimama nyuma yake.

Nikuambie na jambo langu. Askari unaowaajiri unaweza kuwapa majina. Yule White Mage niliyemchukua mara ya pili nilimwita Zuhura, jina la mdogo wangu, ambaye alikuwa anakaa pembeni ananisomea maneno magumu kwenye kamusi. Kwenye vita fulani vya njiani, vya kawaida kabisa, goblini walimzunguka. Namba ikashuka tatu, mbili, moja, na Chemist wangu alikuwa amepungukiwa na miraba miwili tu kumfikia. Kikabaki kioo. Zuhura mwenyewe akaniuliza, "Sasa mimi niko wapi?" Nilizima bila kusevu, nikarudia saa nzima ya mchezo. Sijawahi kucheza gemu lingine la vita ambalo lilinifanya nihesabu miraba kwa kuogopa namna ile, na hilo ni gemu lililotoka Japani mwaka 1997 lenye wahusika wadogo wasio hata na pua.

Kasoro linazo, na mtu asikudanganye. Vita vya njiani hupanda levo pamoja na wewe, kwa hiyo ukikesha unafanya mazoezi unaweza ukajikuta umewakuza adui kuliko vifaa vyako. Sura ya nne utampata mzee Cidolfus Orlandeau, na wanaosema anaharibu mizani ya gemu wanasema kweli. Upanga wake peke yake unatosha kumaliza nusu ya vita vilivyobaki, na mimi siku hizi namwacha benchi. Toleo la PSP lenyewe linakwama kwama kila mtu anapopiga pigo la pekee, utaona picha inakuwa nzito. Hilo ni la utengenezaji, halina utetezi.

Umeuliza pia juu ya The Ivalice Chronicles iliyotoka tarehe 30 Septemba 2025. Ndani yake mna matoleo mawili, la kale karibu kama lilivyokuwa na lililoboreshwa lenye sauti za waigizaji, viwango vitatu vya ugumu na kujisevu lenyewe. Kwa mtu aliyekwama kama wewe, kujisevu huko ni rehema. Sauti pia zimelisaidia sana gemu hili, hasa kwa sisi ambao Kiingereza kile kilitutesa: ukimsikia mtu anatetemeka huhitaji kamusi. Kinachoniuma ni kwamba nyongeza za PSP hazimo. Kazi ya Dark Knight hakuna, mhusika Balthier hakuna. Kama hizo ndizo unazozitaka, baki na PSP yako. Kama unataka hadithi, na una mashine ya kulichezea, nunua jipya na usisite.

La mwisho ni la kukuokoa machungu. Ukimshinda Wiegraf utaulizwa tena kama unataka kusevu. Sevu kwenye nafasi ya pili, ile ya zamani usiiguse. Kinachofuata ni vita vya juu ya paa, na huko kazi yako ni kumlinda Rapha, ambaye humwongozi wewe na huwa anakimbilia mbele peke yake. Weka watu wako wenye kasi kubwa, ninja kama unao, wote wamwelekee mmoja wa wale wauaji wawili wa kike, maana mmoja tu akizidiwa wanaondoka wote. Riovanes ya ndani nimeitetea kwa moyo wote, lakini paa siwezi kulitetea: Rapha anaweza kuuawa kabla hujapata hata zamu moja. Ikikutokea hivyo, pakia tena na uingie. Hapo hukukosea kitu.