Paka shume hazoeshwi kwa mkono

Ukitaka paka shume akuzoee, anza kwa kuacha kumwita. Acha "nyau nyau", acha kumnyatia na kipande cha sato mkononi, na zaidi ya yote acha kumkazia macho. Paka aliyekulia nje hajui mkono wa mtu ni kitu cha kubembeleza. Anachojua ni kwamba wanyama wakubwa humtazama mdogo hivyo wanapotaka kumrukia, na kila hatua unayopiga kumfuata inamhakikishia kuwa hajakosea.

Ninaishi mlimani Igogo, Mwanza, kwenye nyumba zilizopachikwa juu ya mawe, na mawe yetu yana mianya tele. Mchana juu yake wanaota jua mijusi, usiku ndani yake wanatoka paka kufuata harufu ya samaki. Mmoja wao, jike mweusi mwenye sikio lililochanika, alianza kuingia uani kwangu. Watoto wa jirani walimwita Bondo, kwa kuwa mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vilivyo tumboni mwake, yana bei kuliko minofu yake na wao walimwona wa thamani. Mimi nilichoona ni kiumbe aliyelala bapa chini ya karo la kufulia, masikio yamelazwa, mboni zimetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani. Ukikohoa tu, yuko juu ya ukuta.

Kilichomtuliza ni ratiba, si upendo. Bakuli lile lile, kona ile ile, muda ule ule baada ya adhana ya magharibi. Nagonga bakuli kwa kijiko, naweka chini, naondoka. Paka mwoga anatulia anapoweza kubashiri kitakachofuata, kwa hiyo hata viatu vyako na sauti yako visibadilike sana. Akishakula bila kuinua kichwa kila mara, ndipo uanze kubaki karibu, umekaa chini, umempa ubavu, unashughulika na simu yako. Umbali anaupanga yeye: akiacha kula, umevuka mpaka, rudi nyuma. Kesho yake kaa pale pale ulipokubaliwa, usijaribu kusogea ili ufidie.

Akikutazama, mfumbie macho polepole kama mtu anayesinzia, kisha geuza uso. Inaonekana kama mzaha, lakini mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa paka huwa mwepesi zaidi kumsogelea hata mtu asiyemjua ikiwa mtu huyo amemfumbia macho hivyo. Bondo naye hunifumbia. Jirani akipita akatukuta tunasinziliana, anatikisa kichwa.

Mpe pia mahali pa kujificha, na usimtoe humo. Watu wengi huziba mianya yote wakidhani paka akikosa pa kukimbilia atazoea haraka. Ni kinyume chake. Utafiti uliofanywa Uholanzi mwaka 2014 kwenye kituo cha kupokea paka ulionyesha kuwa waliopewa maboksi ya kujificha walitulia mapema kuliko walionyimwa. Boksi la biskuti kutoka dukani linatosha. Lilaze ubavu, toboa tundu la pili ili asihisi amefungiwa, tandika kitenge kikuukuu ndani.

Chakula hapa Mwanza si tatizo, ila kina mambo yake. Dagaa wetu huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe mpaka maji yawe safi, wachemshe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu; hivyo viwili vinaharibu damu ya paka. Nunua akiba giza likiwepo, maana mwezi ukiwa mkali wavuvi wa dagaa wanapumzika na bei inapanda, na paka unayemjengea ratiba haelewi habari za mwezi. Samaki mbichi kila siku si chakula kizuri: aina nyingi zina kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa kwa muda mrefu anaanza kuyumba. Changanya na utumbo wa kuku uliochemshwa. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, paka wengi wakubwa huwaharisha. Maji weka kila siku, mbali kidogo na chakula.

Majirani nao ni sehemu ya kazi. Paka mweusi anayekuja usiku kwa mtu mmoja huzua maneno. Mama mmoja wa heshima zake aliniuliza, "Mwanangu, huyo paka katumwa na nani?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Katumwa na njaa." Akacheka, tukaongea, na kwenye maongezi nikajua anatega sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye, kwa hiyo nikamnunulia mtego. Zungumza na majirani kabla hawajaokota mawe.

Sasa, kumshika. Usimkamate kwa mikono wala kumtia kwenye salfeti. Tumia tenga la kuku: mlishie ndani ya tenga likiwa wazi kwa siku kadhaa, siku ya safari funga mlango akiwa anakula na ufunike kwa khanga. Gizani paka hutulia, hata juu ya bajaji. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa na afungwe kizazi, tena mapema. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba hukaa kama siku 63. Akikutangulia akazaa, dirisha la kuwazoesha watoto ni dogo: kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yao. Wapakate kila siku katika kipindi hicho nao watakuwa paka wa nyumbani. Wakishapita hapo utapata akina Bondo, ambaye mpaka leo anakula karibu na mguu wangu lakini sijawahi kumpapasa, na sidai.

Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie sindano za kichaa cha mbwa na pepopunda. Usisubiri kuona kama patavimba.

Paka usiyeweza kumgusa unampima afya kwa bakuli. Akiacha kula siku mbili, manyoya yakisimama, au akianza kujificha hata saa ya chakula, anaumwa. Usimpe Panadol hata kipande, inaua paka. Mpigie daktari wa mifugo na umwambie mapema kuwa huyu hashikiki, ili aje na glavu nene na dawa ya kumlegeza.