Ukimpa binti jina la Kiwelisi, chunga herufi zake

Mimba ilipofika miezi saba tulikuwa tumeshakata shauri: akiwa wa kike, ataitwa Bronwyn. Nilikuwa nimeona Wamarekani wakiliandika hivyo. Mavyaa alipoisoma ile karatasi jikoni kwake, hapa Cardiff, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kumbe mnatarajia mvulana?"

Ndipo aliponikalisha akanifundisha. Gwyn ni "nyeupe" au "iliyobarikiwa" kwa upande wa kiume, gwen kwa upande wa kike. Kwa hiyo Bronwen, Olwen na Branwen ni wanawake, na -wyn huachiwa wanaume. Marekani na Australia Bronwyn ni jina la kike la kawaida, sina ugomvi nao. Lakini kama mwanao atakulia Wales, andika -wen.

Nawasihi pia msibadili herufi ili kumrahisishia Mwingereza. Kiwelisi hakisumbui kama watu wanavyodhani. Hata mkazo, karibu kila mara, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Ila f moja husomwa v, na ff ndiyo f. Ffion ni jina la ua. Ukipunguza f moja, umemwita mtoto Vion. Eluned, jina la mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Kiongozi wa Wales mwaka 2024, hutamkwa Elined. Siân ni "Shaan", na ile alama juu ya a inaitwa to bach, yaani paa dogo. Ndiyo inayoivuta sauti. Wifi yangu ana jina hilo, na kazini kwake wamekuwa wakimwandika bila paa miaka yote. Linamuuma, na ana haki.

Mna siku 42 za kuandikisha kizazi. Zitumieni. Mpeni mzee anayezungumza Kiwelisi alisome jina kwenye karatasi, kisha mpigieni simu bibi wa upande wa pili alitamke. Mimi nililipenda sana Angharad, maana yake "apendwaye mno", lakini mama yangu kule Tanga alikwama kila alipofika kwenye ngh, na sikutaka mjukuu wake amwie mgumu mdomoni.

Tukachagua Nia. Wawelisi walilitoa kwa Waairishi, kwenye Niamh, wakaliandika kwa herufi zilezile tatu tunazoandika sisi. Mama hakuhitaji kufundishwa kulitamka, wala mavyaa.