Kabla Hujanunua Lulu Yako ya Kwanza ya Waridi

Mkufu wangu wa kwanza ulikuwa wa pinki kali, ile inayokuita ukiwa bado mlangoni. Baada ya miezi kadhaa uzi ukalegea, nikaukata ili niutunge upya. Kumbe uzi uliokuwa mweupe ulikuwa na madoa ya waridi, hasa kwenye mafundo. Nikachukua lenzi ya kukuzia mara 10 nikachungulia tundu la lulu moja. Ukingo wa tundu ulikuwa umekolea kuliko lulu yenyewe, kama wino ulioingia kwenye ufa. Zilikuwa lulu za kweli, ila zilitiwa rangi. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza.

Kutia rangi si wizi, mradi mnunuzi aambiwe na bei ifanane na bidhaa. Ila wewe unayeanza ujue kwamba waridi wa asili wa lulu za maji baridi, yaani zinazotoka mitoni na maziwani badala ya baharini, ni mpole. Mara nyingi umeegemea pichi upande mmoja, au zambarau hafifu upande wa pili, na wauzaji huuita wote pinki. Ukikuta waridi mkali kama rangi ya midomo, tena lulu zote za mkufu zimefanana kama zimemwagwa kutoka kopo moja, uliza bila haya: hii ni rangi yake au ya kupakwa? Kisha chungulia matundu mwenyewe.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa lugha. Lulu inaweza kuwa nyeupe, lakini ikawa na wekundu mwembamba unaoelea juu yake. Hiyo nayo huuzwa kwa jina la waridi. Namna ya kutofautisha ni hii: tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, weka lulu moja, uiviringishe taratibu kwa kidole. Rangi inayobaki palepale hata lulu ikizunguka ndiyo rangi ya mwili wake. Ile inayoteleza, ikihamia mahali mwanga unapogusa, ni rangi ya juu. Zote mbili nzuri, na lulu iliyo na waridi mwilini na rangi nyingine inayotembea juu ndiyo inayonifanya nisahau nilichoendea. Lakini usilipie moja ukidhani umepata nyingine. Na usichague rangi chini ya taa za njano za kabati la vioo, maana hapo hata krimu inakuwa waridi.

Ukiwa bado umeishika hapo dirishani, angalia mng'ao. Mimi naupa mng'ao nafasi ya kwanza, mbele ya rangi, mbele ya ukubwa, mbele ya umbo. Tafuta taswira ya dirisha inayoakisiwa juu ya lulu, kama kwenye kioo. Kama unaona kingo zake zimekatika vizuri, karibu uhesabu vioo, hiyo ni lulu. Kama unaona weupe uliotawanyika kama chaki, irudishe, hata iwe kubwa kiasi gani. Herufi za daraja la ubora, kama AAA, zilizoandikwa kwenye kadi usizitegemee: hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wauzaji wote, na AAA ya huyu inaweza kuwa A ya yule.

Kuhusu umbo, usijitese kutafuta duara kamili. Lulu nyingi za maji baridi sokoni leo hufugwa China, ndani ya kome (mnyama wa majini mwenye ganda la pande mbili) aitwaye Hyriopsis cumingii na machotara wake. Kwa kawaida mfugaji hapandikizi shanga. Huingiza vipande vidogo vya nyama laini iliyotolewa kwa kome mwingine, na kome mmoja hubeba zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hakuna kiini cha mviringo cha kufuata, lulu hukua itakavyo: yai, tone, kifungo, au kipande kisicho na jina. Faida yake ni kwamba ni lulu tupu tangu katikati hadi juu, si ganda jembamba lililofunika shanga. Zipo zinazopandikizwa shanga, kama zile ziitwazo Edison, ambazo huwa kubwa na za rangi iliyokolea. Hizo ziache mpaka jicho lako lizoee.

Habari ya kusugua lulu kwenye meno utaisikia. Ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga laini, ya bandia mara nyingi huteleza. Hilo litakutenga na bandia, lakini halitakuambia lolote kuhusu rangi. Mkufu wangu ule ulikwaruza vizuri kabisa.

Utunzaji hauna mengi. Lulu ni laini, kati ya 2.5 na 4.5 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu, ambacho almasi hupata 10, kwa hiyo isilale pamoja na pete na minyororo. Jipulizie manukato kwanza, lulu uvae mwisho, na ukirudi uivue kabla ya vingine. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usiitumbukize kwenye mashine ya kusafishia vito kwa mtetemo, wala usiianike juani. Mkufu ulaze, usiutundike, kwa sababu hariri hunyooka. Na ukitungisha upya, dai fundo baada ya kila lulu: uzi ukikatika utapoteza moja tu.

Kilichonigharimu zaidi, kuliko hata ile rangi ya kupakwa, ni kununua vipande kimoja kimoja. Nilinunua kidani mwaka mmoja, nikajiambia hereni nitazipata baadaye. Nyeupe zinaweza kukusamehe, waridi hausamehi: huyu ana pichi kidogo, yule ana zambarau, na ukiziweka moja sikioni na nyingine shingoni tofauti inapiga kelele. Kama unataka seti, inunue yote siku moja, mezani pamoja. Mimi nina lulu moja ya umbo la kifungo, milimita 8, imetobolewa nusu tu tayari kwa hereni. Kila ninapokutana na muuzaji mpya naitoa kwenye kitambaa chake na kuiweka kando ya zake. Mpaka sasa haijapata mwenzake.