Je, kuna dawa ya kukata hamu ya kupendwa?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nachomelea mageti Gerezani, nimepanga chumba Mbagala. Napenda wanaume tangu nijitambue. Kuna mwenzangu tulikuwa tukila pamoja kila mchana. Hatukuwahi kutamkiana lolote. Amehamia Tanga. Huu mwezi wa pili silali, chakula hakipiti. Duka la dawa wameniuzia vidonge vya usingizi. Jirani anasema ipo dawa ya kuikata hamu hiyo kabisa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Haipo, na atakayekuuzia anakula jasho lako. Shirika la Afya Duniani liliondoa kupenda watu wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Nimewasikiliza makuli na madereva wa bodaboda wenye maneno kama yako. Wengi hawana shida ya kitanda. Wanatamani mtu wa kuwauliza jioni, "Umekula?"

Kukosa usingizi ndiko kunakotibika. Mtu asiye na wa kumwegemea, mwili wake hukesha kama mlinzi, analala usingizi wa mang'amung'amu. Vidonge vitakulaza, lakini mwili ukivizoea utavidai, na chanzo kiko palepale. Hali hii ikipita wiki 2 tunafikiria sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hutibiwa kwa mazungumzo na, ikibidi, dawa zinazochukua wiki kadhaa kushika. Zitakurudishia usingizi na hamu ya kula; moyo wako hazitaugusa.

Anzia hospitali ya rufaa ya Temeke. Muhimbili pia wana idara ya magonjwa ya akili. Kabla hujajieleza, uliza kinaandikwa nini kwenye faili na nani hulisoma. Ukisema tu "nimeondokewa na mtu niliyempenda," hujadanganya, na daktari ana pa kuanzia. Ukianza kuona heri usiamke, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Na simu, tafadhali, itumie kwa uangalifu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile, kina kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kinaadhibu tendo, si hisia, lakini wanaotega watu kwa picha na meseji kisha wakadai pesa hawajali tofauti hiyo. Usimtumie usiyemjua chochote.

Huyo wa Tanga unamjua. Mpigie mchana, saa ile mliyokuwa mkila, umuulize kazi za huko zinaendaje.