Barua kwa mwanangu: 641 haikubahatishwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema programu uliyoandika kazini imeonyesha kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641, kisha ukasoma kuwa mwanahisabati Mswisi Euler alishaliona hilo mwaka 1732, kwa kalamu tu. Ukaniuliza: "Mama, alibahatisha?"

Hakubahatisha, mwanangu.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Imetanguliwa na ndugu zake watano, walioundwa vivyo hivyo kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mfaransa Pierre de Fermat aliona hao wote ni namba tasa, na mwaka 1640 akaamini kila atakayefuata atakuwa tasa pia. Aliyefuata tu ndiye aliyemwangusha.

Wewe ungeanza na 3, 5, 7, 11, ukapanda hadi kwenye kipeuo cha pili, kama 65,536 hivi. Humo mna namba tasa 6,542. Nani ana karatasi ya kutosha? Euler hakupita njia hiyo. Baadaye alieleza kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi orodha inakuwa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano likampa jibu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na hapo bado moyo unanienda mbio.

Sasa chukua daftari, uzime kompyuta. Gawanya 65,536 kwa 641: inaingia mara 102, baki 154. Namba yetu ni 65,536 mara yenyewe, ongeza 1. Kwa kuwa tunatafuta baki tu, weka 154 mahali pa 65,536. Mia na hamsini na nne mara yenyewe ni 23,716. Ongeza ile 1 upate 23,717. Gawanya kwa 641: ni 37 kamili, hakuna kinachobaki. Namba ya tarakimu kumi imekwisha, nawe hukuandika hata moja inayozidi tarakimu tano! Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa.

Tangu hapo hajapatikana ndugu mwingine aliye tasa zaidi ya wale watano. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba hayupo. Usiniulize ninaegemea wapi, maana mimi natamani apatikane.

Namba inayofuata, 2 kwa kipeo cha 64 na 1 juu yake, ni 18,446,744,073,709,551,617. Kigawo chake, 274,177, kilitangazwa mwaka 1880 na Mfaransa aitwaye Landry, akiwa tayari ni mzee. Safari hii vigawo vyote ni vigawe vya 128 ukiongeza 1, na chake ni 128 mara 2,142, ongeza 1. Nimeanza kukihakiki jana usiku kwa njia ya baki kama hiyo niliyokuonyesha. Nimefika kwenye kipeo cha 32, baki yangu ni ya tarakimu sita, nayo nitaizidisha kwa yenyewe leo baada ya alasiri.

Mama yako